Tisa Yenye Msumari Mmoja

Ukitaka kupima akili ya kamati, usihudhurie vikao vyake, maana huko wanaongea vizuri. Nenda kaangalie walichotundika ukutani.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyawaza Rola asubuhi ile, amesimama kwenye mlango wa ukumbi wa klabu ya kriketi, buti mkononi, kwa sababu Katibu alikuwa amepiga marufuku matope kwenye zulia jipya. Rola lilikuwa jina la kazi. Lile la kuzaliwa lilibaki kwenye karatasi za mshahara tu. Walimwita hivyo kwa ajili ya pipa la chuma alilokuwa akilivuta juu ya pichi tangu ujana wake, kulaza udongo mpaka ulingane kama meza, ili watu wa nguo nyeupe wapate mahali pa kuchezea na pa kulalamikia. Wakishinda, walishinda wao. Wakishindwa, pichi mbaya.

Ukutani, kwa herufi za dhahabu, Katibu alikuwa amebandika: UKUTA WA VIGOGO. Chini yake zilipangwa picha za wanakriketi wa mataifa mbalimbali, wa miaka ya nyuma, kila mmoja na jambo lake lililomfanya asisahaulike. Kulikuwa na yule wa visiwani aliyepiga mbio mia nne katika inningsi moja, yaani zamu moja ya kupiga, na bado hakuna aliyeweza kumtoa. Kulikuwa na nahodha aliyekuwa uwanjani timu yake ilipopoteza watu watano kwa mbio kumi na saba, wenzake wameinamisha vichwa kama wafiwa, naye akapiga mia moja sabini na tano peke yake. Kulikuwa na mrushaji aliyevunjika dole gumba, akaja kupiga kwa mkono mmoja, kisha akarudi kurusha akawatoa wapigaji saba.

Huyo wa dole gumba Rola alimpa heshima yake. "Huyu angalau alifanya kazi na maumivu," alisema moyoni. "Wengine mnapigwa picha tu."

Pembeni kabisa, kwenye fremu ndogo, alikuwa babu mmoja wa zamani sana mwenye kofia, bingwa wa mabingwa wote. Siku yake ya mwisho alihitaji mbio nne tu ili wastani wake wa maisha utimie mia. Akaingia, watu wakamsimamia, wakamshangilia, naye akatolewa na sifuri. Pale klabuni walimwita Babu Sifuri.

Na katikati, kwenye fremu kubwa kuliko zote, imening'inia kwenye misumari miwili mirefu inayong'aa, ilikuwa picha ya Mgeni, mpigaji wa ng'ambo aliyewahi kucheza pale.

Rola aliiangalia. Akaiangalia tena. Akaweka buti chini, kwenye zulia.

Picha ile aliijua kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe. Ilikuwa imetundikwa miaka mingi kwenye stoo ya vifaa, juu ya mifuko ya chokaa, kwa kuwa hakuna mwanakamati aliyeona inafaa mahali pengine. Kila asubuhi, kabla ya kulivuta pipa, aliitazama. Upande mmoja Mgeni, kijana wakati huo, ameinua gongo juu baada ya kuupiga mpira. Upande wa pili kibanda cha mabati cha ubao wa matokeo, na kwenye kidirisha chake mkono wa mwanamke umetoka mpaka begani, vidole vimenyooka kuelekea namba.

Sasa alibaki Mgeni peke yake.

"Nusu nyingine iko wapi?" Rola aliuliza.

Katibu alikuwa juu ya ngazi, anafuta kioo kwa leso yake. "Nusu gani?"

"Ya ubao."

"Aa, ile. Ilikuwa inavuta jicho. Mtu anamtazama shujaa, pembeni anaona banda la mabati na mkono wa mtu asiyejulikana."

"Unajulikana."

Katibu aliacha kufuta. "Rola, usinianze asubuhi yote hii. Najua ni mkono wa marehemu, Mungu amrehemu. Lakini mgeni wetu anafika kesho. Tunataka picha izungumze."

"Mmeikata ulimi. Itazungumza na nini?"

"Na toa hayo mabuti kwenye zulia, bwana."

Mkono ule ulikuwa wa mkewe. Klabuni walimwita Mama Namba. Kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya kibanda siku za mechi na kutundika namba za bati, ili wachezaji na watazamaji wajue nani ana mbio ngapi. Kwenye picha ya harusi yao alikuwa amefumba macho. Ya kitambulisho ilimfanya aonekane kama amekamatwa na kuku wa jirani. Ya stoo haikuwa na uso, lakini ilikuwa na yeye: bangili ya shaba, kovu la pasi kwenye kiwiko, na ile haraka yake ya kufanya jambo kabla hujamaliza kumwambia.

Na katika dunia nzima, watu watatu tu walijua mkono ule ulikuwa unafanya nini. Mmoja alikuwa amezikwa.

Siku ile, timu ya taifa la Mgeni ilikuwa safarini ikapita kucheza mechi ya kirafiki. Mgeni alipiga tangu asubuhi kama anayedai haki yake, mpaka akafikisha tisini na tisa. Sasa, mpigaji akiwa na tisini na tisa, hata mwendawazimu ana adabu. Anausukuma mpira polepole, anakimbia mara moja, anapata mia yake, anavua kofia. Mgeni hakufanya hivyo. Aliurudisha mguu nyuma akaupiga mpira ule kwa nguvu zote, ukapaa juu ya vichwa, ukapita mpaka wa uwanja bila kugusa nyasi, ukatua kwenye paa la duka la viatu ng'ambo ya barabara. Sita. Kutoka tisini na tisa mpaka mia moja na tano kwa pigo moja. Tangu siku hiyo habari ikawa moja: ujasiri. Magazeti yaliandika ujasiri. Kamati ilisema ujasiri. Walimu wa michezo waliwaambia watoto wa watu, kuweni kama yule, msiogope mia.

Ukweli ulikuwa na msumari.

Mama Namba hakuwa na sita na tisa. Alikuwa na mabati yaliyokatwa kwa umbo moja, kila moja likifanya kazi zote mbili, kwa sababu kamati ya wakati ule ilisema tisa si chochote ila sita aliyepinduka, ya nini kununua mbili. Wakatoboa tundu katikati. Lakini namba ile ni kichwa kizito na mkia mwepesi, na kichwa kizito kisiposhikiliwa huelekea chini, hata kwa wenyeviti iko hivyo. Kwa hiyo tisa ilihitaji misumari miwili: wa kuiangika, na wa kuizuia isigeuke. Mama Namba aliomba misumari. Katibu wa wakati ule, ambaye ni huyuhuyu ila wakati ule alikuwa na nywele, alimwambia kamati itakaa. Kamati ilikaa. Ilikaa sana. Misumari haikuja. Basi yeye akawa anatoa mkono kidirishani na kuishika tisa kwa vidole mpaka mpigaji apate mbio nyingine.

Saa ile jumla ya timu ilibadilika, akaiachia tisa kidogo ili atundike jumla. Upepo ukapita. Tisa ya kwanza, iliyoshikwa na kutu, ikabaki; ya pili ikapinduka. Ubao ukasomeka tisini na sita. Mgeni akainua macho, akaona anahitaji nne, na mpira uliokuwa unakuja ulikuwa wa kuleta mbio nne, hata zaidi. Akaufyatua. Mkono wa Mama Namba ulitoka kuirudisha tisa mahali pake mpira ukiwa tayari uko angani, na mpiga picha wa gazeti akabonyeza.

Usiku wa siku ile Mama Namba alicheka mpaka akashika mbavu. "Mume wangu, nawe mdogo wangu, msiniseme. Wakijua watanifukuza." Hakusemwa. Wakacheka miaka yote, yeye, mumewe na mdogo wake wa kike aliyekuwa mpishi wa klabu. Kila mwanakamati aliposimama kuhutubia habari ya ujasiri, Mama Namba alimkanyaga Rola mguu.

Siku alipougua ghafla, kifua kikambana saa za mchana kweupe, Rola alikimbilia ofisini kuomba gari la klabu. Gari lilikuwa limepeleka vikombe mjini vikachongwe majina ya washindi. Aliporudi na mkokoteni wa kuazima, hapakuwa tena na haraka. Kamati ilituma shada la maua. Jina la klabu liliandikwa kubwa kuliko la marehemu, na Katibu aliomba utepe urudishwe baada ya mazishi, maana ulikuwa wa kitambaa kizuri.

Basi mtu wa namna hiyo akikukatia mkono wa mkeo kwa wembe kwa sababu unavuta jicho, unamjibu nini? Rola alivaa buti akaenda kwa fundi fremu.

Fundi fremu alikuwa na kibanda nyuma ya soko, kimejaa maranda ya mbao na harufu ya gundi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi.

"Nilikata, ndiyo," alisema. "Waliniambia kata, nikakata. Lakini sikutupa. Karatasi ngumu kama ile haitupwi, mzee wangu."

"Basi nipe."

"Ningekupa. Ila ile fremu ndogo kioo kilikuwa kinacheza. Nikaichomeka nyuma, kikatulia. Haikukunjwa hata kidogo, usiwe na wasiwasi."

"Fremu ndogo ipi?"

"Ya yule babu wa kofia."

Kwa hiyo Mama Namba, au kilichobaki cha kumwona, alikuwa amefungiwa nyuma ya Babu Sifuri, kazi yake kuzuia kioo kisicheze. Rola alirudi klabuni kwa mwendo wa mtu anayejizuia kukimbia. Alimkuta Katibu akiifunga ile fremu ndogo kwa utepe mwekundu. Rola aliutazama utepe. Aliufahamu.

"Nifungulie hiyo dakika moja tu," alisema. "Kuna kipande changu humo."

"Hii? Hii ndiyo zawadi ya mgeni. Kesho anakabidhiwa, kesho kutwa inapanda ndege. Imeshapigwa gundi, haifunguliwi."

"Fundi ataifunga tena."

"Rola, andika barua kwa kamati. Kamati itakaa."

Mwenyekiti alikuwa anaingia wakati huo, tumbo mbele, funguo za gari zikimlia kidoleni. Uenyekiti aliurithi kwa mjomba wake kama mtu anavyorithi kisukari. Gongo pekee aliloshika maishani lilikuwa la kufukuzia mbwa. Katibu alimweleza kwa kifupi, akicheka puani.

"Mzee Rola," alisema Mwenyekiti, akamwekea mkono begani kwa upole ule wa wakubwa, unaogharimu kitu kidogo sana. "Mkono ni mkono. Ubao si bado upo? Tutakupigia picha nyingine ya ubao, safi, ya rangi."

"Na mkono?"

Mwenyekiti alifikiria. Aliyemjua angesema alifikiria. "Tutamtafuta mtu," alisema.

Rola aliuondoa ule mkono wa Mwenyekiti begani mwake, polepole, kama mtu anavyotoa jani, akaenda jikoni.

Shemeji yake alikuwa anamenya viazi vya sherehe, miguu ameiweka kwenye beseni la maji kwa sababu ya joto. Tangu dada yake afe, ndiye pekee pale klabuni aliyeweza kumgombeza Rola.

"Iibe," alisema alipomaliza kusikia.

"Sikuzaliwa niwaibie wezi."

"Basi mwombe huyo mgeni mwenyewe. Mwambie, bwana mkubwa, humo nyuma kuna mke wangu, nitolee."

"Nimpigie magoti mtu aliyepewa ushujaa na msumari? Shemeji, heri nile udongo wa pichi."

"Kiburi chako, shemeji, kama ungekuwa unakilisha nyasi, tungeshachinja." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Dada aliishi na wewe vipi, mimi sijui. Yeye alikuwa anacheka tu. Unakumbuka alivyobebeshwa beseni?"

"Beseni gani?"

"Siku huyohuyo mgeni wenu alipokuja. Si dada alipita kibarazani amebeba sifuri zake za bati kupeleka kibandani? Huyo kijana akageuza uso ukutani kama mkwe. Nahodha wao akaja mbio, mama, tafadhali, funika hizo, huyu akiona sifuri kabla ya kuingia, hapigi kitu. Dada akazitia kwenye beseni, akafunika kwa kitambaa cha meza. Anapita watu wanadhani kabeba chakula." Shemeji alianza kucheka, mabega yakitikisika. "Eti sifuri zimefunikwa zisipate baridi."

Rola hakucheka. Kipande cha mkate alichokuwa anatafuna kilisimama shavuni. Akamtazama shemeji yake, akatazama mlango wa ukumbi, akameza.

"Wapigaji na sifuri," alisema taratibu, "ni paka na maji."

"Ndivyo nisemavyo."

"Na hawa wajinga wamemfungia sifuri kwa utepe."

Shemeji aliacha kumenya. Wakatazamana. Kisha yeye akaangalia viazi vyake, mdomo ameubana. "Mimi sijasikia kitu," alisema.

Mgeni alifika kesho yake mapema kuliko alivyotarajiwa, Katibu bado yuko kinyozi. Akatembea peke yake mpaka katikati ya uwanja, mzee mrefu aliyepinda kama mundu, mguu mmoja ukiburuta. Rola alikuwa anamalizia kulivuta pipa. Alimwona, akaendelea. Mtu akija kazini kwako, acha yeye ndiye aseme kwanza.

"Hujambo, fundi," alisema Mgeni.

"Sijambo. Usikanyage hapo."

Mgeni aliruka mstari wa chokaa bila kuugusa, kwa mguu ule mbovu, akaumia, akavumilia. Rola aliliona hilo akaliweka akilini. Miaka yote hii, bado haukanyagi mstari.

"Hapa ndipo," alisema Mgeni akitazama huku na huku. "Paa la viatu bado lipo?"

"Sasa wanauza simu."

"Na ubao ule."

"Ubao ni uleule."

Mgeni alikitazama kibanda cha mabati kwa muda. Kidirisha kilikuwa wazi, hakuna mtu. "Siku ile jua lilikuwa kali," alisema. "Lilinipiga machoni. Hata ubao sikuuona."

Rola aliegemea mpini wa pipa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama aliuona ubao. Asiyeulizwa akajibu ana lake. Hapo ndipo Rola alipojua kwamba wanaojua hawakuwa watatu, walikuwa wanne, na huyu wa nne alikuwa ameishi juu ya msumari ule maisha yake yote, amekula nao, amevishwa nao suti, amepandishwa nao ndege. Angeweza kumwambia. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Akayarudisha. Ukimwambia mwizi kwamba umemwona, atakupa nusu, na yeye hakutaka nusu ya mtu huyu. Alitaka yake.

"Goti vipi?" aliuliza.

"Bovu. Nikirudi nyumbani wanalipasua. Wiki hiihii."

"Mungu atasaidia. Zawadi yako umeshaiona?"

"Bado. Wananificha."

"Nzuri sana. Nilimwona Katibu anaifunga kwa mikono yake mwenyewe." Rola aliinama akaokota kijiwe kwenye pichi, akakitupa nje. "Ni yule babu wa kofia. Siku aliyotoka na sifuri."

Mgeni, aliyekuwa ameegemea pipa, aliuondoa mkono wake kama mtu aliyegusa chungu cha moto.

"Siku yake ya mwisho kabisa," Rola aliongeza kwa upole. "Utaitundika wapi? Mwenyekiti anasema ingefaa chumbani."

Kisha akalivuta pipa lake, akamwacha pale.

Sherehe ilianza kwa kuchelewa, maana Mwenyekiti alitaka aingie wa mwisho na Katibu alitaka wa pili kutoka mwisho, wakasubiriana nje ya mlango. Rola alisimama nyuma, karibu na meza ya chai. Shemeji yake alikuwa anagawa vikombe, kitambaa begani, uso hauna habari.

Mwenyekiti alihutubia. Alimsifu wa visiwani kwa mia nne, akamsifu nahodha wa mia moja sabini na tano, akasema wote hao walikuwa na kitu kimoja, nacho ni uongozi bora. Wa dole gumba alimruka, labda karatasi ilikuwa imegandana. Halafu akasimama Mgeni.

"Watu huniuliza," alisema, na sauti yake ilikuwa bado nzuri, sauti ya mtu aliyeisema hotuba ileile katika kumbi nyingi. "Wananiuliza, ulikuwa na tisini na tisa, ulijua una tisini na tisa, kwa nini hukukimbia moja tu? Nawajibu, niliitazama hofu usoni. Nikamwambia hofu, leo si siku yako."

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti alifuta jicho. Rola alihisi mguu wake wa kushoto, ule uliokuwa ukikanyagwa, haujakanyagwa. Kitu hicho kilimuuma kuliko alivyotegemea. Kwa upande mwingine wa ukumbi shemeji yake alimwangalia, akainamisha macho kwenye birika.

"Na sasa," alisema Mwenyekiti, "zawadi ndogo kutoka kwetu. Bingwa kwa bingwa."

Katibu alileta fremu ndogo juu ya mto wa kiti. Mwenyekiti aliinyanyua, akaivua utepe, akaigeuza. Babu Sifuri aliwatazama watu wote chini ya kofia yake.

Mgeni alirudi nyuma hatua nzima. Mikono aliiweka mgongoni.

"Nawashukuru," alisema. "Nawashukuru sana. Lakini hii siwezi."

"Ni ya kwako kabisa," Mwenyekiti alisema akimsogezea. "Usione haya."

"Usinisogezee, ndugu yangu. Wiki hii naingia chini ya kisu. Mimi na sifuri hatulali nyumba moja."

Kule nyuma mtu alikohoa. Katibu alicheka kidogo, akadhani ni utani, akaona si utani, akaumeza ule mcheko vibaya. Mwenyekiti alibaki ameinyoosha fremu mbele ya tumbo lake kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchafu. Alimgeukia Katibu na kumnong'oneza, ila nong'ono la mtu mnene husikika mpaka jikoni: "Nani alichagua hii?"

"Si wewe, Mwenyekiti?"

"Mimi nilisema bingwa. Nilisema sifuri?"

Mgeni, kwa kuwaokoa, aliinyooshea mkono picha kubwa ya katikati. "Kama mnapenda kunipa kitu, nipeni ile. Mimi mwenyewe. Ile nitaifurahia."

Hapo walikuwa tayari kumpa hata paa. Katibu alipanda ngazi, akaitoa ile picha kubwa kwenye misumari yake, akateremka nayo amekumbatia kioo. Makofi yakapigwa, ya watu waliopona. Fremu ndogo, ambayo sasa hakuna aliyetaka kuishika, ilitoka kwa Mwenyekiti ikaenda kwa mweka hazina, ikatoka kwa mweka hazina ikaenda kwa jirani yake, ikisafiri kurudi nyuma ukumbi mzima mkono kwa mkono, mpaka ikakomea kwa mtu aliyekuwa hana wa kumpa.

"Rola," Katibu alisema kwa meno, "iondoe hapa."

"Niipeleke wapi?"

"Popote."

"Popote, umesema."

"Popote, bwana, alimradi nisiione tena. Balaa gani hili."

"Mashahidi mpo," alisema Rola kwa watu wa meza ya chai, akatoka.

Kule stoo aliketi juu ya mfuko wa chokaa, akafungua mgongo wa fremu kwa kisu cha kukatia nyasi. Fundi hakudanganya. Kipande kilikuwa kimesimama wima, hakijakunjwa. Akakitoa, akamrudishia babu wa watu mgongo wake na kumtundika pale juu ya chokaa, mahali palipokuwa wazi. Hakuwa na ugomvi naye. Mtu aliyepata sifuri mbele ya watu wote na hakulisingizia jua.

Kisha akakiangalia kipande. Mkono ulikuwepo, bangili na kovu. Vidole vilikuwa bado havijaifikia ile namba. Na ubao, kwa mtu yeyote mwenye macho, ulisomeka tisini na sita. Miaka yote picha ilining'inia wazi pale stoo, na wanakamati wakiingia kuchukua viti, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuusoma. Kweli haikuhitaji kufichwa. Ilihitaji tu kuachwa mbele ya kamati.

Jioni watu walipokwisha ondoka, aliingia ukumbini na nyundo, buti miguuni. Pale katikati ya ukuta palibaki pengo kubwa, na ndani ya pengo ile misumari miwili mirefu inayong'aa. Ilikuwa misumari mizuri. Aling'oa wa kwanza, aling'oa wa pili, akaacha matope ya kutosha kwenye zulia, akaenda kibandani.

Shemeji alimfuata na kikombe cha chai. Akamkuta ndani, kipande cha picha amekiegemeza kwenye ukingo wa kidirisha, anaigongea ile tisa ya bati ubaoni. Msumari mmoja katikati. Msumari wa pili chini, kwenye mkia. Alipomaliza akaisukuma kwa kidole. Haikwenda. Akaisukuma kwa kiganja.

"Haigeuki," alisema shemeji.

"Haigeuki."

"Lakini sasa haiwezi tena kuwa sita."

"Sita wakitaka, kamati itakaa."

Shemeji alimpa chai, akakitazama kipande cha picha, akakinyoosha kidogo kisianguke. "Dada angesema nini, akiona hii misumari?"

Rola alikunywa kwanza. Kule nje gari la klabu lilikuwa linatoka getini kumpeleka Mgeni hotelini, limeoshwa, limejaa mafuta, limewahi.

"Angesema mmechelewa," alisema.